MAELEZO KWA WATUMISHI NA WAKAZI: MATUMIZI SALAMA YA VISOMAJI VYA MSIMBOPAU VYENYE MWALI WA LEZA

Shehena nyingi ziendazo Kanda ya Ziwa kutoka Dar es Salaam kwa barabara hupita Tinde, katika Wilaya ya Shinyanga. Hapo barabara itokayo Nzega hugawanyika. Mkono mmoja huelekea Shinyanga na Mwanza. Mkono wa pili huelekea Isaka, Kahama na mpaka wa Rusumo, na ndio pia njia mojawapo ya kuyafikia machimbo ya dhahabu ya Kahama na Geita. Bidhaa nyingi ziteremkazo Nansio kwa meli kutoka Mwanza, au zivukazo kwa kivuko kati ya Kisorya na Rugezi, zilikwisha kupita njia panda hiyo kabla ya kuliona ziwa.

Katika safari hiyo, boksi moja la dawa au la vifaa vya ofisi laweza kusomwa mara kadhaa kwa chombo kidogo cha mkononi kitoacho mstari mwekundu wa mwanga. Chombo hicho ni kisomaji cha msimbopau, ambacho wengi hukiita skana. Kimezoeleka bohari, madukani, maabara na maghalani, na sasa kimefika hata katika vituo vidogo vya huduma. Pamoja na kuzoeleka huko, maswali yamebaki yale yale: Je, mwanga ule hupofusha? Je, mama mjamzito aruhusiwe kukitumia? Je, chombo kilichopasuka chaweza kupelekwa kwa fundi wa simu? Na je, ni ofisi gani inayohusika na usalama wake?

Maelezo haya yanakusudiwa kujibu maswali hayo. Jambo kuu la kushikwa ni hili: kisomaji cha leza ni salama kikiwa kizima, kikiwa na kibandiko chake cha daraja, na kikitumiwa kwa kazi kilichotengenezewa. Hatari huanza pale moja kati ya mambo hayo matatu linapokosekana.

1. CHOMBO CHENYEWE NA NAMNA KINAVYOFANYA KAZI

Msimbopau ni ile mistari myeusi na myeupe, minene na myembamba, iliyopigwa chapa kwenye bidhaa. Asili yake ni Marekani, ambako Norman Joseph Woodland na Bernard Silver walipewa hataza ya ugunduzi huo mwaka 1952. Mahali pa kwanza ambapo bidhaa yenye msimbo wa aina itumikayo madukani leo iliuzwa kwa kusomwa na mashine ni dukani katika mji wa Troy, jimbo la Ohio, tarehe 26 Juni 1974, na bidhaa yenyewe ilikuwa pakiti ya ubani wa kutafuna. Tanzania ina nambari yake ya utambulisho katika mpango wa kimataifa wa misimbo hiyo, nayo ni 620. Nambari hiyo huonyesha kwamba msimbo uliandikishwa Tanzania. Haimaanishi kwamba bidhaa ilitengenezwa Tanzania, wala si uthibitisho wa ubora wake.

Ndani ya kisomaji cha leza mna kijipande kidogo kitoacho mwanga mwekundu mwembamba ulionyooka, ambao kwa kawaida una urefu wa wimbi wa kati ya nanometa 650 na 680. Mwanga huo hupiga kioo kidogo kinachochezacheza kwa kasi. Kwa sababu ya mchezo huo, nukta moja ya mwanga huonekana kwa jicho kama mstari. Mstari ukipita juu ya msimbo, sehemu nyeupe hurudisha mwanga mwingi na sehemu nyeusi hurudisha kidogo. Kipokeo kilichomo ndani huyapima mabadiliko hayo na kuyageuza kuwa tarakimu.

Mwanga wa leza si eksirei, wala hauna mnunurisho. Ni mwanga uonekanao, wa jamii moja na mwanga wa taa, ila umekusanywa pamoja badala ya kutawanyika. Haupenyi mwili kufikia tumbo, damu au mifupa. Kwa hiyo hakuna sababu ya kumzuia mama mjamzito kutumia kisomaji kilicho kamili, wala dawa iliyosomwa kwa leza haiharibiki kwa kusomwa. Kiungo cha kulindwa ni kimoja tu, nacho ni jicho.

Jicho lina upekee wake. Lenzi ya jicho hukusanya mwanga na kuuweka kwenye nukta ndogo juu ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho upokeao picha. Mwanga uliokwisha kukusanywa na leza hukusanywa tena na lenzi hiyo, na nguvu yake juu ya eneo dogo la retina yaweza kuongezeka takriban mara 100,000. Ndiyo maana kiasi kidogo cha leza, ambacho ngozi ya mkono haikihisi kabisa, huhesabiwa kwa uangalifu kinapohusu jicho. Aidha, retina haina hisia ya maumivu. Mtu aweza kuumia pasipo kusikia uchungu wowote, akaja kutambua baadaye kwamba kuna sehemu haioni sawasawa.

2. MADARAJA YA USALAMA

Kanuni inayofuatwa na mataifa mengi ni ya Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, nayo hujulikana kwa namba IEC 60825-1. Kanuni hiyo huziweka bidhaa za leza katika madaraja kwa kadiri ya madhara yanayoweza kumpata mtu.

Daraja la 1. Bidhaa iliyo salama katika hali zote za matumizi zinazotarajiwa. Visomaji vingi vya dukani vimo katika daraja hili.

Daraja la 2. Bidhaa itoayo mwanga uonekanao usiozidi miliwati 1. Usalama wake umejengwa juu ya tabia ya asili ya binadamu ya kufumba jicho au kugeuza uso mwanga mkali unapompiga, tendo ambalo huhesabiwa kutukia ndani ya robo ya sekunde. Mtazamo wa bahati mbaya hauleti madhara. Kuukodolea macho kwa makusudi hakuruhusiwi. Visomaji vingi vya bohari vimo katika daraja hili.

Daraja la 3R. Bidhaa yenye mwanga uonekanao unaoweza kufikia miliwati 5. Hatari yake ni ndogo lakini ipo, na yahitaji mtumiaji aliyeelekezwa.

Daraja la 3B na la 4. Bidhaa zenye nguvu kubwa, ambazo mwali wake waweza kulidhuru jicho mara moja. Zile za daraja la 4 zaweza pia kuunguza ngozi na kuwasha moto. Kisomaji cha msimbopau hakitakiwi kabisa kuwa katika madaraja haya.

Marekani ilikuwa na utaratibu wake, uliohusu bidhaa za leza zilizotengenezwa baada ya tarehe 1 Agosti 1976, ambao madaraja yake huandikwa kwa tarakimu za Kirumi. Humo lilikuwamo daraja la IIa, lililohusu vyombo kama visomaji vya dukani ambavyo havikukusudiwa kutazamwa. Visomaji vya zamani vyenye alama hiyo bado vyaweza kukutwa bohari. Vyombo vya miaka ya karibuni hutaja kanuni za Marekani kwa namba 1040.10 na 1040.11, pamoja na tangazo la leza namba 50 au namba 56. Maana yake ni kwamba mtengenezaji amefuata kanuni ya kimataifa iliyotajwa hapo juu, na mamlaka ya Marekani imeikubali. Alama hizo ni za nchi nyingine na haziondoi wajibu wa kufuata taratibu za Tanzania, lakini humsaidia afisa ugavi kutambua kwamba chombo kilipimwa mahali fulani na mtu fulani.

3. KUSOMA KIBANDIKO

Kibandiko cha leza kwa kawaida hukaa chini ya kishikio au ubavuni mwa chombo. Mpokeaji wa mali atazame mambo yafuatayo:

(a) alama ya pembetatu ya njano yenye nukta inayotoa miali pande zote, ambayo ndiyo alama ya leza;

(b) daraja la bidhaa, na kwa daraja la 2, onyo kwamba mwali usikodolewe macho;

(c) kiwango cha juu cha nguvu kwa miliwati, na urefu wa wimbi kwa nanometa, kwa bidhaa za daraja la 2 na zaidi;

(d) namba ya kanuni na mwaka wake;

(e) jina la mtengenezaji, aina ya chombo na namba yake ya pekee.

Baadhi ya visomaji vya daraja la 1 havina alama ya pembetatu, na maelezo yake huwa katika kitabu cha mtumiaji. Hilo si kosa. Kosa ni chombo kitoacho mwali mwekundu pasipo maelezo yoyote ya daraja, si juu yake wala katika karatasi zake.

Ifahamike pia kwamba si kila kisomaji kina leza. Vingi vya siku hizi hutumia kamera ndogo na taa, hasa vile visomavyo misimbo ya miraba, kama ile ipigwayo kwenye risiti na hati za malipo ya Serikali. Taa hizo zina kanuni yake, IEC 62471. Hata hivyo, baadhi ya visomaji vya kamera vina leza ndogo ya kulengea shabaha, na hivyo kibandiko chake husomwa kama cha kisomaji kingine chochote.

4. MAHALI USALAMA UNAPOVUNJIKA

Daraja la chombo hutolewa kwa chombo kizima, si kwa kijipande kilichomo ndani. Hili ndilo jambo lisilofahamika kwa wengi, na ndilo lenye uzito kuliko yote. Kisomaji chaweza kuwa cha daraja la 1 au la 2 ilhali kijipande chake cha leza, kikitolewa nje peke yake, kina nguvu kubwa zaidi. Usalama hutokana na vitu vitatu vilivyokizunguka: ganda la nje, kioo kinachocheza, na saketi ya kukata mwanga.

Kioo kinachocheza hufanya mwali usikae mahali pamoja. Ukipita mbele ya jicho, hupita kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Kioo kikikwama na mwanga ukabaki unawaka, nguvu yote humwagika juu ya nukta moja. Kwa sababu hiyo, chombo ambacho usalama wake hutegemea mwendo wa kioo hutakiwa kuwa na kinga ya kuuzima mwali, au kuupunguza, pindi mwendo huo unapokatika.

Chukua mfano wa kisomaji kilichoanguka kutoka kwenye lori lililosimama Tinde kupumzisha abiria na mizigo. Ganda limepasuka, kibandiko kimechanika, na mstari mwekundu umegeuka kuwa nukta moja isiyotembea. Mwenye mali, kwa kutaka kuokoa gharama, anakipeleka kwa fundi wa simu wa karibu. Fundi huyo ni hodari katika kazi yake, lakini hana kipimo cha nguvu ya leza wala kitabu cha mtengenezaji. Anakifungua, anaona waya wa kinga unaozuia mwanga kuwaka, anauruka. Mwanga unarudi. Ili kuhakikisha, anachungulia tunduni. Hapo chombo kilichokuwa salama bohari kwa miaka mingi kimekuwa hatari mezani kwa dakika chache, na wa kwanza kupata madhara ni fundi mwenyewe, akifuatiwa na watoto waliozunguka meza yake.

Kutokana na mfano huo, dalili za kukiondoa chombo kazini zafahamika. Mstari ukigeuka nukta, ganda likipasuka hadi vya ndani vikaonekana, dirisha la kioo likitoka, mwali ukiendelea kuwaka baada ya kitufe kuachwa ilhali chombo hakikuwekwa katika hali ya kuwaka mfululizo, au kibandiko kikipotea na daraja lisijulikane, chombo kizimwe, kiondolewe betri, kifungiwe na kuandikwa "KIBOVU – KISITUMIKE". Matengenezo yafanywe na wakala wa mtengenezaji au fundi aliyefunzwa kazi hiyo. Dirisha la chombo kizima husafishwa kwa kitambaa laini, likiwa limezimwa. Vumbi la barabara na la machimbo huwafanya wengi walaumu chombo kwamba ni kibovu, ilhali kinachohitajika ni kufuta kioo tu.

5. VYOMBO VIFANANAVYO LAKINI VISIVYO SAWA

Katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita vipo vyombo vingine vya mkononi vyenye umbo la bastola. Kwa mtazamo wa haraka mtu aweza kuvidhani kuwa vya jamii moja, na kosa hilo laweza kuwa na gharama kubwa.

Cha kwanza ni kipima madini cha eksirei. Chombo hiki hutumika kupima kiasi cha dhahabu na metali nyingine katika sampuli, na kazi yake imekuwa na umuhimu zaidi tangu masoko ya madini yalipoanzishwa nchini mwaka 2019. Hiki hutoa eksirei halisi kinapobonyezwa. Mionzi yake hupenya nyama ya mkono, nayo ni ya aina inayohitaji kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, mtumiaji aliyefunzwa, na kumbukumbu za matumizi. Mtu asishike sampuli kwa vidole mbele ya dirisha lake, wala asikielekeze kwa mwenziwe. Alama yake ni mapanga matatu yaliyozunguka nukta. Mtunza bohari akiona mapanga hayo matatu, asikiweke kabati moja na visomaji vya msimbopau, wala asikikabidhi kwa mtu asiyeidhinishwa.

Cha pili ni kipimajoto cha mbali. Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, ulienea sehemu nyingi duniani uvumi kwamba chombo kile kikielekezwa kwenye paji la uso huharibu ubongo. Uvumi huo hauna msingi. Kipimajoto hicho hupokea joto litokalo mwilini, nacho hakipeleki miali kichwani. Vipo hata hivyo vipimajoto vya viwandani vyenye nukta nyekundu ya leza ya kulengea. Hivyo vimekusudiwa mashine na si nyuso za watu, na vifuate kibandiko chake.

Cha tatu ni tochi ya leza iuzwayo mitaani, ambayo watoto huichezea. Huyu ndiye ndugu wa kuogopwa kuliko kisomaji chenyewe, kwa kuwa mwali wake hautembei na kibandiko chake mara nyingi hakiaminiki. Mwaka 2013 taasisi ya vipimo ya Serikali ya Marekani, NIST, ilieleza matokeo ya kupima tochi 122 za leza: karibu asilimia 90 ya zile za kijani, na asilimia 44 ya zile nyekundu, hazikukidhi kanuni za usalama za nchi hiyo. Ikiwa hali ni hiyo katika nchi yenye ukaguzi wa muda mrefu, mzazi wa hapa hana sababu ya kuiamini tochi isiyo na jina la mtengenezaji. Watoto wasipewe vifaa hivyo kama vitu vya kuchezea.

6. SHERIA NA MAMLAKA ZINAZOHUSIKA

Usalama wa vyombo hivi umegawanywa katika mikono kadhaa, na kila mmoja una kazi yake.

Shirika la Viwango Tanzania (TBS), linalofanya kazi chini ya Sheria ya Viwango Na. 2 ya mwaka 2009, husimamia ubora wa bidhaa. Tangu mwaka 2012 limekuwa na utaratibu wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka kabla hazijasafirishwa kuja nchini. Bidhaa za aina zinazohusika hutakiwa kuwa na hati ya ukaguzi huo.

Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC) iliundwa na Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003, ikachukua nafasi ya Tume ya Taifa ya Mionzi iliyotokana na sheria ya mwaka 1983. Vipima madini vya eksirei vimo chini ya udhibiti wake wa moja kwa moja. Majukumu yake yanagusa pia mionzi isiyo ya mnunurisho, na kwa hiyo ndiyo mahali pa kuuliza pale panapokuwa na shaka juu ya chombo chochote kitoacho miali.

Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) husimamia Sheria Na. 5 ya mwaka 2003. Sheria hiyo humtaka mwajiri aweke mazingira salama ya kazi na kuwapa watumishi maelekezo ya lazima. Mtumishi naye ana wajibu wa kutunza usalama wake na wa wenziwe, na wa kutoa taarifa ya hatari aionayo.

Ununuzi wa vyombo hivi kwa fedha za umma hufuata Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023. Ikumbukwe kwamba sharti lisiloandikwa katika zabuni haliwezi kudaiwa wakati wa kupokea mali. Idara ikiagiza "skana 10" pasipo maelezo mengine, italetewa skana 10, na haitakuwa na hoja ya kuzikataa.

7. WAJIBU WA KILA MMOJA

Afisa ugavi. Katika maelezo ya zabuni aandike kwamba kisomaji kiwe cha daraja la 1 au la 2 kwa mujibu wa IEC 60825-1, kiwe na kibandiko kinachosomeka, kitabu cha mtumiaji na dhamana ya matengenezo. Pale ambapo kisomaji cha kamera kinatosha kwa kazi, afikirie kukichagua.

Mpokeaji wa mali. Afungue boksi na kusoma kibandiko kabla ya kutia sahihi. Namba ya pekee na daraja la chombo viandikwe katika leja, ili kibandiko kikifutika siku za mbele daraja libaki likijulikana. Chombo kisicho na daraja kisipokelewe.

Msimamizi wa kazi. Amwelekeze kila mtumishi mpya kabla hajapewa chombo. Maelekezo hayo hayazidi robo saa. Kisomaji cha kusimama mezani kiwekwe chini ya usawa wa macho ya aliyeketi, na kisitazamane na kioo au bati linalong'aa.

Mtumiaji. Aelekeze mwali kwenye msimbo, wala si kwenye uso wa mtu kwa mzaha. Asichungulie tunduni kuangalia kama mwanga unawaka. Aujaribu juu ya karatasi nyeupe. Asiutazame mwali kwa darubini au kioo cha kukuzia. Miwani ya macho ya kawaida na miwani ya jua si kinga ya leza, na kwa visomaji vya daraja la 1 na la 2 hakuna kinga ya macho inayohitajika.

Msimamizi wa mali chakavu. Kisomaji kilichoharibika kisitupwe jalalani wala kupigwa mnada kikiwa na leza inayowaka. Fundi anayestahili aiharibu leza hiyo na kuitoa betri kabla ya chombo kuondolewa katika orodha ya mali kwa kufuata taratibu za Serikali. Vyombo vinavyotupwa ndivyo huishia katika meza za mafundi na mikononi mwa watoto.

8. JICHO LIKIPIGWA NA MWALI

Mtu akipigwa na mwali wa kisomaji kizima kwa bahati mbaya, ageuze uso na kutulia. Baka la mwanga linaloonekana baadaye ni la kawaida, kama lile liachwalo na taa ya gari usiku, nalo hufifia baada ya dakika chache. Asilipikiche jicho. Asitie dawa za kienyeji, maziwa wala matone yaliyobaki nyumbani. Madhara ya leza, kama yapo, yako nyuma ya jicho ambako matone hayafiki, na dawa isiyo safi yaweza kuliharibu jicho lililokuwa zima.

Ikiwa baka halikufifia ndani ya saa chache, au mistari iliyonyooka yaonekana imepinda, au sehemu ya kitu kinachotazamwa haionekani, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo na kueleza ni chombo gani kilichompiga, daraja lake na muda wa kupigwa. Mganga atampeleka kwa daktari wa macho iwapo italazimu. Tukio liandikwe katika kitabu cha matukio cha ofisi, na chombo kiwekwe kando hadi kikaguliwe.

9. HITIMISHO

Kisomaji cha msimbopau kimeleta manufaa yanayoonekana. Dawa inayokaribia kuisha muda wake hujulikana mapema, sampuli ya mgonjwa wa kijijini haichanganywi na ya mwingine, na mali ya umma haipotei njiani kirahisi kati ya Dar es Salaam, Tinde na visiwani. Si haki mtumishi akiache kwa sababu ya uvumi, na kazi ya wagonjwa ikalala. Wala si haki mwingine akifungue kwa bisibisi kwa sababu amekizoea.

Wakuu wa idara wanaombwa kuvikagua visomaji vilivyo katika ofisi na bohari zao, kuviandika kwa daraja, na kuvitenga vile visivyo na kibandiko au vilivyopasuka. Wafanyabiashara na mafundi nao wanaombwa kufanya vivyo hivyo katika maduka na meza zao. Wenye shaka juu ya chombo chochote wawaulize TAEC, TBS au OSHA kabla ya kukitumia. Kusoma kibandiko huchukua nusu dakika, na retina ikishaungua haina kipuri dukani.